Uta na Mshale

Mwanadamu hana makucha ya chui, wala pembe za nyati, wala mbio za swala. Basi watu wa kale walipataje kitoweo? Walijifunza kumpiga mnyama kwa mbali.

Kwanza walirusha mawe na mikuki. Lakini mrusha mkuki hana budi kusogea karibu, na aliye karibu na nyati mwenye jeraha yu karibu na kifo. Ndipo watu walipobuni uta.

Chukua tawi bichi, ulipinde, kisha uliachilie: litaruka kwa nguvu. Uta nao ni vivyo hivyo. Mwindaji avutapo upote wake, nguvu za mkono hukaa katika mti uliopindika. Aachiliapo, nguvu zote hutoka mara moja na kuupa mshale mbio. Mshale una sehemu tatu: wano, ndio mti wake, chembe, ndiyo ncha ichomayo, na manyoya ya nyuma, yauzuiayo usiyumbe.

Wawezaje mshale mwembamba kumwua nyati? Kwa sumu. Wawindaji huchemsha vipande vya mti wenye sumu hata maji yawe mazito, meusi kama lami, kisha huipaka chembe. Sumu ikiingia damuni huusimamisha moyo. Mwindaji hufuata nyayo kwa saburi mpaka mnyama aanguke, naye huikata na kuitupa nyama iliyozunguka jeraha.

Kazi hii ni ya kale mno. Mto Pangani upitao Korogwe huingia baharini, na kutoka hapo, upande wa kusini mashariki, Unguja haiko mbali. Zamani Unguja ilishikana na bara, na punda milia walitembea huko. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, zilichimbuliwa chembe za mifupa zenye umri wa miaka kama 13,000, na wataalamu wanadhani zilikuwa za mishale ya sumu. Hata leo Wahadza wa ziwa Eyasi huwinda kwa uta.

Siku hizi sheria yakataza kuwinda bila kibali, kwa kuwa wanyama wamepungua. Lakini mtoto wa Handeni akiuona uta mkuukuu wa babu yake umetundikwa ukutani, asiucheke. Kwa uta kama huo watoto wa kale walishiba, nasi tu wajukuu wao.