Fonimu na Upatanisho wa Kisarufi katika Tiba ya Usemi wa Watoto

Makala haya yanajadili nafasi ya isimu ya Kiswahili katika tiba ya usemi. Baadhi ya watoto hutamka [t] mahali pa [k], yaani ulimi hugusa ufizi badala ya kaakaa laini. Hali hiyo ni ya kawaida utotoni. Tiba huhitajika inapoendelea baada ya watoto wa rika moja kuiacha.

Mbinu mojawapo hutumia jozi za mlinganuo finyu. Mtabibu huweka mezani picha ya kaa na ya taa. Mtoto anayetaka kaa akitamka "taa", hupewa taa. Hivyo hutambua kuwa tofauti ya sauti hubeba tofauti ya maana. Kisha huzoezwa kutamka [k] katika silabi, neno na hatimaye sentensi.

Katika sentensi panahitajika uangalifu zaidi. Tuchukue mfano huu: "Titombe titubwa timevunjita." Huenda msikilizaji akadhani kuwa sarufi imeharibika. La hasha! Kiambishi cha ngeli kimejitokeza katika nomino, kivumishi na kitenzi. Kilichokosekana ni fonimu, wala si upatanisho. Kinyume chake, mtoto asemaye "Kikombe mkubwa amevunjika" hutamka [k] sawasawa, ila upatanisho humshinda. Wa kwanza anahitaji mazoezi ya sauti. Wa pili, ya sarufi.

Kwa hiyo, kipimo kilichotafsiriwa tu kutoka Kiingereza, lugha isiyo na viambishi vya ngeli, hakitoshi kuwatofautisha watoto hawa wawili, na kila mmoja aweza kupewa tiba isiyo yake.