Utando, Ukoko na Kunata: Maneno Yafaayo Elimu ya Protini

Mji wa Tabora, uliokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19, ulipokea Kiswahili pamoja na bidhaa za pwani. Katika msamiati wa jikoni wa lugha hiyo mna maneno mawili yafaayo sana elimu ya leo: utando na ukoko.

Maziwa yachemkapo, utando hutanda juu, yakutanapo na hewa. Ukoko hushika chini, yakutanapo na sufuria. Pote pawili kazi ni ya protini hasa. Protini ni mnyororo uliokunjamana, na sehemu zake nyingi zisizopatana na maji zimefichwa ndani. Joto lipitapo nyuzi 70 hivi za sentigredi, baadhi ya protini za maziwa hukunjuka. Sehemu hizo hutokeza, zikanata kwenye yabisi na kunatana zenyewe.

Hata pasipo moto, kukutana na yabisi kwaweza kubadili umbo la protini. Kifaa kitiwacho mwilini hufunikwa na protini za damu kwa muda wa sekunde chache, na seli hukuta utando huo kabla ya kukikuta kifaa chenyewe.

Basi uteuzi wa neno si jambo dogo. Tendo hili likiitwa “kufyonzwa”, mwanafunzi atadhani kwamba protini imeingia ndani ya yabisi, kama maji katika sifongo. Kumbe imebaki usoni. “Kunata” ndilo neno la haki. Aoshaye sufuria huko Tabora ajua: ukoko hukwanguliwa, haukamuliwi.