Sauti inatoka wapi? Kazi ya masikio mawili

Usiku Chara, mkulima anayelinda shamba lake kando ya Mto Tana huona kidogo sana. Kiboko akitoka majini kuja kula, kinachofika kwanza ni sauti: pumzi nzito, majani yakikatika, tope likivutwa na miguu. Kabla hajawasha tochi, mkulima tayari anajua mnyama yuko upande gani na njia ipi ya kurudi nyumbani ni salama.

Anajuaje? Kwa sababu masikio yake mawili hayasikii kitu kimoja.

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde. Kiboko akiwa kushoto, mlio wake hufika sikio la kushoto kwanza, kisha huzunguka kichwa na kulifikia la kulia. Hata sauti inayotoka ubavuni kabisa haicheleweshwi zaidi ya sehemu 7 kati ya 10,000 za sekunde. Shina la ubongo hulinganisha nyakati hizo mbili, na katika mazingira tulivu mtu mwenye masikio mazima anaweza kutambua tofauti ya sehemu 1 tu kati ya 100,000 za sekunde. Kupepesa jicho huchukua muda mrefu kuliko huo mara elfu kumi au zaidi.

Muda si kipimo pekee. Mwaka 1907 mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, alieleza kwamba kwa sauti nzito tunategemea zaidi tofauti ya muda, lakini kwa sauti nyembamba, kama filimbi ya mchungaji, kichwa chenyewe huwa kizuizi. Sikio lililo upande wa mbali hubaki kwenye kivuli cha kichwa na kuisikia sauti ikiwa hafifu. Maelezo hayo yanatumika hadi leo.

Mfumo huu una mapungufu. Sauti inayotoka mbele kabisa na ile ya nyuma kabisa hufika masikio yote kwa wakati mmoja, ndiyo maana mtu akisikia bodaboda asiyoiona hugeuza kichwa kidogo. Majini hali ni mbaya zaidi. Sauti husafiri humo kwa kasi inayozidi ile ya hewani zaidi ya mara 4, hivyo tofauti kati ya masikio hupungua mno. Mtoto aliyezamisha kichwa mtoni anaweza kusikia injini ya boti vizuri sana asijue inatoka wapi.

Sasa mwondolee mtu sikio moja. Bado anasikia, anaitika akiitwa, na jamaa wanasema hana shida. Hapo ndipo wengi hukosea. Kupata upande wa sauti kunakuwa kazi ngumu, na kufuata mazungumzo penye kelele, iwe sokoni Garsen au darasani, humchosha. Mtoto wa namna hiyo huitwa mkaidi au mzito wa kuelewa, ilhali hakusikia.

Nyumbani unaweza kufanya jaribio dogo. Mtoto afumbe macho, mtu atikise funguo taratibu kushoto, kisha kulia, naye aonyeshe kwa kidole. Akikosea mara kwa mara, apelekwe akapimwe. Jaribio hili ni la kuamsha shaka tu. Halichukui nafasi ya kipimo cha mtaalamu.

Sababu nyingi zinatibika au kuzuilika. Nta iliyoziba huondolewa kituoni, wala si kwa njiti ya kiberiti au pamba ya kijiti, ambavyo huisukuma ndani zaidi na vinaweza kutoboa ngoma ya sikio. Usaha unaotoka sikioni usisubiriwe ukauke wenyewe, na mafuta ya kupikia au maji ya mimea yasitiwe humo. Mwenye usaha asiogelee hadi atibiwe. Surua pia huweza kuharibu masikio. Chanjo yake hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Matubwitubwi nayo hujulikana kwa kuua sikio moja ghafla.

Mtu mzima anayepoteza kusikia upande mmoja ghafla, bila maumivu yoyote, asingoje wiki ipite. Afike hospitali siku hiyohiyo, kwani tiba hufaa zaidi ikianzwa mapema. Na mtoto ambaye sikio lake moja haliwezi kurudi, mwalimu amketishe mbele, sikio zima likielekea alipo.