Jinsi mtambo unavyofichua sumu kwenye pombe

MNAMO Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kubugia pombe haramu iliyotiwa methanoli. Wengine walipofuka. Haikuwa rahisi kwao kuing’amua sumu hiyo, kwani methanoli haina rangi, na mnywaji hawezi kuitofautisha na ethanoli, ambayo ndiyo kileo cha kawaida.

Katika maabara, tofauti hiyo hufichuliwa na mtambo uitwao spektromita ya tungamo.

Kwanza, sampuli hugeuzwa kuwa mvuke. Kisha molekuli zake hupigwa kwa elektroni zenye kasi, zikapata chaji ya umeme. Baadhi hubaki nzima ilhali nyingine huvunjika. Mtambo huzipanga kwa uzito na kuzichora kama mistari kwenye grafu. Kuisoma grafu hiyo ni sawa na kutambua chungu kwa kutazama vigae vyake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Atomu ya kaboni ina uzito wa 12, hidrojeni 1 na oksijeni 16. Methanoli ina kaboni moja, hidrojeni nne na oksijeni moja, jumla 32. Ethanoli ina kaboni mbili, hidrojeni sita na oksijeni moja, jumla 46.

Hata hivyo, kuna mtego. Mstari mrefu zaidi wa zote mbili huwa kwenye 31. Methanoli hufika hapo kwa kupoteza hidrojeni moja. Ethanoli kwa kupoteza kipande chenye uzito wa 15. Mkemia hana budi kutafuta mistari ya 45 na 46, ambayo ethanoli huwa nayo na methanoli haina. Mstari wa 32 pekee pia hautoshi, kwa kuwa oksijeni ya hewani ina uzito uo huo.

Isitoshe, pombe iliyochakachuliwa huwa na vyote viwili. Ndiposa sampuli hupitishwa kwanza kwenye kromatografia ya gesi, ili kila kimojawapo kitoke kwa wakati wake na kupimwa peke yake.

Usahihi huu ni suala la uhai. Mwilini, methanoli hugeuka kuwa asidi ya fomiki inayoharibu neva za macho, na dalili zaweza kuchukua saa kadhaa kujitokeza. Matibabu yapo, lakini humfaa zaidi mgonjwa ambaye sumu yake imetambuliwa mapema.