Pete Mbovu Hukata Mshipi: Jinsi ya Kurekebisha Rodi ya Kuvulia

Kuanzia Mtwapa na Kilifi hadi Watamu na Malindi, familia nyingi hutegemea mashua zinazowapeleka wageni kuvua kwa rodi. Nahodha na mabaharia wake hununua mafuta, huandaa chambo na kung'oa nanga alfajiri. Sulisuli akishika ndoana hukimbia na mshipi kwa kasi. Mshipi ukikatika hapo, lawama huangukia mshipi wenyewe au fundo. Wakati mwingine mkosaji ni pete moja ya rodi yenye ufa mdogo usioonekana kwa macho.

Kuibadilisha pete hiyo ni kazi ambayo mvuvi anaweza kuifanya mwenyewe. Wakati mzuri ni msimu wa kusi, bahari inapochafuka na mashua nyingi za kitalii kupumzika, ili kaskazi ikianza vyombo viwe tayari.

Kwa nini pete huharibika

Pete huongoza mshipi kutoka kwenye rili hadi nchani, na hugawa uzito wa samaki kwenye ufito wote. Pete nyingi zina miguu ya chuma, na ndani yake duara ya kauri iliyo laini na ngumu. Kauri huvumilia msuguano, lakini hupasuka ikigongwa kwenye ubavu wa mashua au ndoana inapotundikwa ndani yake.

Chumvi nayo hula chuma polepole. Alama za rangi ya kutu chini ya uzi uliofunga mguu wa pete zinaonyesha kwamba mguu umeanza kuoza. Rodi kubwa za kuvuta chambo nyuma ya mashua mara nyingi huwa na pete zenye roda. Roda ikikwama kwa chumvi, mshipi husuguliwa mahali pamoja hadi ukachakaa.

Jinsi ya kukagua

Pitisha pamba ndani ya kila pete na kuizungusha. Nyuzi za pamba zikinasa, pete hiyo ina ufa. Usijaribu kuupiga ufa msasa, badilisha pete. Kisha tikisa kila mguu kwa kidole uone kama umelegea, na zungusha kila roda. Iliyokwama ifunguliwe, ioshwe kwa maji baridi, ikaushwe na kutiwa mafuta kidogo.

Kubadilisha pete ya ufitoni

1. Weka alama mahali pete ilipo kabla ya kuitoa. Ukiihamisha, ufito hautapinda sawasawa. Nenda dukani na pete ya zamani ili upate ya kipimo kile kile.

2. Kata uzi wa zamani kwa wembe juu ya mguu wa chuma, kamwe si juu ya ufito. Mkwaruzo mdogo kwenye ufito unaweza kuuvunja siku samaki mkubwa atakaposhika. Gundi iliyobaki ipashe joto kidogo, uikwangue kwa ukucha au kijiti, kisha ufute kwa spiriti.

3. Noa ncha za miguu ya pete mpya kwa tupa mpaka ziwe nyembamba, ili uzi upande juu yake bila kuacha pengo.

4. Shikilia pete kwa utepe mwembamba kwenye mguu mmoja. Tazama kutoka upande wa rili kuelekea nchani; pete zote zikae kwenye mstari mmoja.

5. Funga mguu wa pili kwa uzi wa nailoni. Anza kwenye ufito, kando kidogo ya mguu, na uzi ujikanyage wenyewe ili usifunguke. Pitisha uzi kati ya kurasa za kitabu kizito ili ubaki umekazwa, huku ukizungusha rodi. Mizunguko ishikane bila kupandana.

6. Ikibaki mizunguko sita au minane, laza kitanzi cha uzi juu ya kazi na uendelee kufunga juu yake. Kata uzi, pitisha ncha yake kwenye kitanzi, kisha uvute kitanzi ili ncha iingie chini ya mizunguko. Toa utepe na ufunge mguu wa kwanza vivyo hivyo.

7. Changanya gundi ya epoksi ya sehemu mbili kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kopo. Paka safu nyembamba, kisha uzungushe rodi polepole mpaka gundi ishike, isije ikajaa upande mmoja. Iache ikauke kwa muda ulioelezwa na mtengenezaji. Fanya kazi hii penye hewa na uvae glavu.

Pete ya nchani

Pete hii haifungwi kwa uzi. Hubandikwa kwa gundi. Pasha joto bomba lake, si ufito, kwa sekunde chache, kisha uivute moja kwa moja kwa koleo. Safisha ncha, tia gundi ya kuyeyushwa kwa moto, na uingize pete mpya ikiwa sambamba na nyingine.

Baada ya kila safari

Osha rodi kwa maji baridi, ikaushe na uihifadhi ikiwa imesimama kivulini. Ndoana itundikwe mahali pake kando ya kishikio. Kipande cha mshipi kilichochakaa kisitupwe baharini, kwani kasa na ndege hunaswa humo. Kirudishwe pwani na kutupwa penye taka.

Wakazi wenye maswali kuhusu leseni za uvuvi, au maeneo ambayo uvuvi hauruhusiwi kama vile ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, wamwone afisa wa uvuvi aliye karibu au viongozi wa BMU yao.