Kudarizi kwa Cherehani na Moto

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: pamba, nailoni, kudarizi. Someni pamoja. Vema.

Leo tutatengeneza pambo la ukutani. Kuunganisha vitu mbalimbali katika pambo moja si kazi ngeni kwenu. Zamani wasichana wa Kiiraqw walishona ushanga juu ya sketi za ngozi. Wanawake wa Kibarabaig nao walivaa sketi za ngozi. Sisi tutatumia cherehani na vipande vya nguo kuukuu.

Kwanza, kijue kitambaa chako. Chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa koleo, uzichome juu ya sahani. Pamba huungua upesi, hunuka kama karatasi na huacha jivu laini. Nailoni na poliesta hujikunja, huyeyuka, kisha huacha kitone kigumu. Usikiguse kingali moto, maana hunata mwilini. Basi, pamba haiyeyuki, nailoni huyeyuka. Hiyo ndiyo siri ya kazi yetu.

Pili, kudarizi. Tandaza nailoni ya buluu juu ya pamba nyeupe. Chora mlima Hanang kwa chaki. Bana vitambaa vyote viwili katika duara la kudarizia, vikaze kama ngoma. Ondoa mguu wa cherehani unaokandamiza nguo. Shusha meno yanayosukuma nguo. Kama hayashuki, yafunike kwa kipande cha kadi. Lakini teremsha kile kishikio cha kuinulia mguu, ingawa mguu wenyewe haupo. Ukisahau, uzi utalegea na kufanya mafundo chini. Sasa kanyaga polepole, ukisukuma duara kwa mikono miwili. Vidole visikaribie sindano. Tumia uzi wa pamba, maana uzi wa nailoni utayeyuka. Pita mara mbili juu ya mstari.

Tatu, moto. Pasha juu ya makaa ncha ya msumari mrefu wenye mpini wa mti. Ipitishe nje kidogo ya mshono. Nailoni itakatika, na ukingo wake utashikana, usifumuke. Pamba iliyo chini itabaki. Usikawie mahali pamoja, isije ikaungua nayo. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Sasa sikilizeni sana. Mbulu kuna baridi, na watu hupenda kufunga milango. Jiko la mkaa na pasi ya mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa hewa hiyo huua, hasa watu wakiwa wamelala. Nailoni inayoyeyuka nayo hutoa moshi mbaya. Kwa hiyo fanya kazi hii nje, barazani, watoto wakiwa mbali. Kichwa kikiuma, au ukiona kizunguzungu, toka nje mara moja, uwatoe na wenzako. Usiingize jiko ndani usiku ili upate joto. Pambo likiharibika utashona jingine. Mtu hashonwi tena.

Andikeni majibu katika madaftari yenu:

1. Kwa nini tunatumia uzi wa pamba?
2. Utajuaje kwamba kitambaa ni nailoni?
3. Jiko la mkaa liwekwe wapi, na kwa nini?

Msomeeni jirani jibu la tatu leo jioni. Kwaherini.