Kabla hujampa kijana ufunguo wa Camry ya baba

Ukipita Sib, Al Khoud au Mawaleh wakati wa alasiri utaona nyumba nyingi zina picha ile ile. Gari mpya ya mwenye nyumba iko chini ya kivuli, na pembeni, juani, kuna Camry nyeupe ya 2007 au 2008. Ilinunuliwa mpya baba akiwa bado kazini. Imepeleka watoto skuli, imekwenda Salalah na kurudi, imempeleka bibi hospitali. Leo haina kazi, lakini haiuzwi, maana bei wanayotaja wanunuzi inaudhi, na kubwa zaidi ni kuwa hiyo ni gari ya baba. Halafu kijana anapata leseni, chuo kiko mbali, na mama anasema: si mpeni ile Camry?

Shauri si baya. Gari ile imara, spea zake ziko kila mahali, na hakuna fundi Wadi Kabir wala Al Quoz asiyeijua. Tatizo ni kuwa sote tunaijua kwa sifa tu. Hilo neno la "Toyota haifi" ndilo linalotufanya tukae miezi bila kufungua boneti. Camry za miaka ile zina maradhi yake. Yanajulikana, yameandikwa, na wenye gari Marekani waliyalalamikia mpaka kampuni yenyewe ikabidi iyashughulikie.

Oili inakwenda wapi?

Camry ya silinda 4 ya kuanzia 2007 mpaka 2009 ina injini ya lita 2.4, ile mafundi wanayoiita 2AZ. Injini hii inajulikana kwa kula oili. Si zote, lakini zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 2011 Toyota iliwapa mafundi wake maelekezo maalumu juu ya jambo hili, na baadaye huko Marekani ikarefusha dhamana kwa ajili ya tatizo hili peke yake.

Sababu iko kwenye pistoni. Kila pistoni imevaa ringi, na ringi ya chini kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kupitia vitundu vidogo. Katika injini hizi vitundu vile vinaziba kwa masizi, ringi inakwama, na oili inabaki juu ikiungua pamoja na petroli. Chini ya gari huoni hata tone. Moshi nao huuoni, au unauona kidogo tu gari inapowashwa asubuhi. Ndiyo maana mtu anakuapia kuwa gari yake haivuji, na kweli haivuji.

Kipimo cha Toyota kilikuwa hivi: gari ikila zaidi ya kiasi cha lita moja kwa kila kilomita 1,900 hivi, hiyo ina ugonjwa. Sasa piga hesabu. Injini inachukua oili kama lita 4.3. Ikiwa inakula lita moja kila kilomita 2,000, na kijana ameambiwa asikose sevisi kila kilomita 10,000, basi kabla ya kufika kilomita 9,000 humo ndani hamna kitu. Na kijana mwenyewe hakukosea, kafuata alivyoambiwa. Mwanafunzi wa Nizwa anayerudi Maskati kila wiki anakata zaidi ya kilomita 300 kwenda na kurudi. Lita moja inamwishia kwa wiki sita au saba.

Taa nyekundu ya oili nayo isikudanganye. Taa ile inaangalia presha, haipimi kiasi kilichobaki. Ikiwaka ukiwa barabarani, simama pembeni mahali pa salama na uzime injini hapo hapo. Usiseme utajikokota mpaka sheli ya mbele, maana kilomita hizo chache zinatosha kuimaliza injini. Na injini ikikatika ghafla kwenye barabara ya kilomita 120 kwa saa, na lori liko nyuma yako, hasara ya fedha ndiyo ndogo.

Dawa yenyewe ni kubadilisha pistoni na ringi. Ni kazi ya kufungua injini nzima, na kwa gari ya umri huu gharama inaweza ikakaribia bei ya gari. Ile dhamana ya Marekani ilishakwisha zamani. Wapo wanaonunua injini iliyotumika, lakini ukitoa 2AZ ya 2008 ukatia 2AZ nyingine ya 2008, umenunua ugonjwa ule ule kwa fedha mpya. Walio wengi wataishi nayo kwa kijiti: kila wiki, injini ikiwa imepoa na gari imesimama pahala pa sawa, toa kijiti, futa, pima, ongeza. Andika kilomita kila unapoongeza. Baada ya mara tatu utajua gari yako inakula kiasi gani, na utajua kama ugonjwa unazidi.

(Na fundi akikwambia mkanda wa taimingi umefika wakati wake, muage kwa adabu. Injini hii ina cheni.)

Wenye ndugu Unguja na Dar wawafikishie habari hii pia. Alphard na Estima za lita 2.4 zilizojaa huko kutoka Japani zina injini hiyo hiyo ya 2AZ.

Wenye silinda 6 ya lita 3.5, na wenye Aurion za mwanzo, msicheke. Yenu ina kibomba kinachopeleka oili kwenye mfumo wa valvu, na katika gari za mwanzo kibomba hicho kilikuwa na kipande cha mpira. Mpira ukichoka unapasuka, na oili inamwagika kwa muda mfupi sana. Baadaye Toyota ilikitengeneza cha chuma kitupu. Mwambie fundi akuoneshe kwa macho yako kama chako ni mpira au chuma.

Mlangoni na kwenye dashibodi

Oktoba 2012 Toyota iliita gari milioni 7.43 duniani kote, Camry za miaka hii zikiwamo, kwa sababu ya kitu ambacho hakuna anayekifikiria: swichi ya vioo kwenye mlango wa dereva. Grisi ya ndani haikupakwa sawasawa kiwandani, swichi inaanza kuwa nzito au kukwamakwama, inapata moto, na inaweza kutoa moshi. Sasa sisi swichi ikikwama tunafanya nini? Tunapulizia dawa ya kopo. Hilo ndilo hasa kampuni ilikataza, kwa sababu vilainishi vya dukani vinaweza kuifanya swichi iyeyuke. Kama ya kwenu ni nzito, iache na uulize.

Dashibodi zile zinazoyeyuka hazihitaji maelezo, kila mtu keshaziona. Plastiki inakuwa laini, inang'aa, inanata mkononi. Watu wanaona ni jambo la sura tu. Lakini alasiri, jua likiwa mbele, mng'ao wa dashibodi unarudi kwenye kioo na dereva haoni vizuri. Wengi wanafunika na zulia la manyoya, na hapo ndipo penye hatari nyingine: upande wa abiria, mfuko wa hewa unatokea juu ya dashibodi. Zulia lisipite juu yake.

Kwa kuwa tumeutaja mfuko wa hewa, kwenye uwanja huo huo huenda mna pia Corolla, Yaris, Lexus au Honda Accord ya miaka ya 2000. Nyingi kati ya hizo zilifungwa mifuko ya Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika 2017. Kinachoujaza mfuko ule ni baruti ya amonia naitreti, ambayo inaharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu. Ikishaharibika, siku ya ajali inalipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Marekani peke yake imeita vipulizio karibu milioni 67, na watu zaidi ya 20 wamekufa huko. Joto na unyevu kwa miaka mingi: hali ya hewa ya Batina na Dubai mnaijua.

Istidaa, yaani kampuni kuita gari zirudi kutengenezwa, ni bure hata kama wewe ni mwenye gari wa tatu. Kinachokosekana ni barua, maana inakwenda kwa anwani ya mwenyewe wa kwanza. Chukua namba ya chasisi kwenye mulkiya, nenda au piga simu kwa wakala, uliza: gari hii ina istidaa yoyote ambayo haijafanywa? Oman, Mamlaka ya Kulinda Walaji nayo inatangaza istidaa. Mlioko Uingereza na Marekani mnaweza kuangalia wenyewe kwenye tovuti za serikali.

Limebaki la tairi, na ni jepesi kuliko yote. Gari iliyosimama miaka ina tairi zenye meno mazuri na umri mbaya. Tazama ubavuni utaona namba nne ndani ya duara: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi ya umri huo kwenye lami ya Julai simpi mtoto wangu, hata meno yawe kama mapya.

Camry yenyewe mimi ningempa. Tairi nne mpya, wakala ameulizwa, swichi imeangaliwa, makopo mawili ya oili kwenye buti. Na kila Ijumaa asubuhi simu moja, kabla hajaanza safari ya kurudi nyumbani: kijiti kinasemaje?